Sir Arthur Pearson, Kipofu Aliyewafundisha Askari Vipofu

Jina la Louis Braille, Mfaransa aliyetunga maandishi ya nukta, hata watoto wa shule hulitaja. Jina la Sir Arthur Pearson halisikiki sana kwetu, ingawa katika Uingereza ya zama zake lilijulikana mno, kwanza kwa magazeti, kisha kwa kazi iliyo bora kuliko magazeti.

Alizaliwa tarehe 24 Februari 1866 katika kijiji cha Wookey, Somerset, mwana wa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Alipokuwa na umri wa miaka 18, gazeti moja la London lilitangaza shindano la maswali, na zawadi yake ilikuwa kazi ya ukarani. Kijana akawa anapanda baiskeli kwenda maktaba ya mji wa Bedford kutafuta majibu, akashinda. Mwaka 1890 akaanzisha gazeti lake mwenyewe, na mwaka 1892 mfuko wa kuwapeleka watoto maskini wa London mashambani wakapate hewa safi. Mwaka 1900 akaanzisha Daily Express, gazeti lililoweka habari katika ukurasa wa kwanza mahali ambapo wenzake waliweka matangazo. Siasa zake tuziache. Hazikumletea faida kubwa.

Basi mtu huyu aliyeishi kwa maandishi akapatwa na ugonjwa wa presha ya macho. Alipasuliwa mwaka 1908, lakini nuru ikazidi kufifia mpaka ikazimika kabisa. Akauza magazeti yake. Wengi wangalikaa barazani wakingoja kuhudumiwa. Yeye akaanza kujifunza upya mambo ya kila siku kama mtoto wa darasa la kwanza, na mwaka 1914 akawa rais wa Taasisi ya Taifa ya Vipofu.

Mwaka huohuo Vita Kuu ikaanza. Askari waliishi ndani ya mahandaki, na aliyeinua kichwa ndiye aliyepigwa. Kwa hiyo majeraha ya kichwa na uso yalikuwa mengi. Wengine walipasuliwa macho na vipande vya mizinga. Wengine risasi ilipita kwenye paji, ikaharibu mishipa ya kuonea. Tena walikuwako waliopigwa kisogoni, macho yao mazima kabisa, nao hawakuona, au waliona nusu tu ya kilicho mbele yao. Daktari Gordon Holmes aliwachunguza watu wa namna hii katika hospitali za jeshi huko Ufaransa, na kwa kupima kila jeraha akaonyesha ni sehemu gani ya ubongo inayopokea picha kutoka sehemu gani ya jicho. Jicho ni dirisha tu. Chumba chenyewe kiko nyuma.

Desturi ya wakati ule ilikuwa kumhurumia kipofu, kumpa sadaka na kumketisha. Pearson aliichukia desturi hiyo. Mapema mwaka 1915 alifungua nyumba ya askari vipofu mjini London, na baada ya muda mfupi akaihamishia St Dunstan's, jumba kubwa katika Regent's Park aliloazimwa na tajiri wa benki, Otto Kahn. Kazi ilianzia hospitalini. Askari aliyelala kitandani, bado amefungwa bandeji, alipewa saa ambayo angeweza kuisoma kwa kugusa mishale kwa kidole. Ni kitu kidogo, lakini mtu aliyekuwa akiuliza kila mara kama ni usiku au mchana sasa alijua saa bila kumwuliza mtu.

Ndani ya jumba walifundishwa kusoma Braille, kupiga taipu, kuitika simu za ofisini, kukanda wagonjwa, useremala, kushona viatu, kusuka vikapu na mikeka, na kufuga kuku. Jioni walipiga makasia ziwani na kucheza dansi. Na baadhi ya walimu walikuwa vipofu wenyewe. Sisi tuliofundisha tunajua uzito wa jambo hili: mwanafunzi hawezi kumwambia mwalimu wa namna hiyo kwamba haiwezekani. Aliyehitimu alisaidiwa kuanza kazi yake, kisha wakaendelea kumtembelea, wasimwache na cheti mkononi. Kwa maoni yangu ufuatiliaji huo ndio uliokuwa nusu ya kazi. Hadi vita ilipokwisha, zaidi ya watu elfu moja walikuwa wamepokewa.

Mmoja wao ni Ian Fraser, aliyepigwa risasi ya kichwa huko Somme mwaka 1916, naye hajatimiza miaka 19. Pearson alimpelekea barua hospitalini. Bibi aliyeipeleka na kumsomea, Irene Mace, ndiye aliyekuja kuwa mke wake. Mwingine ni Clutha Mackenzie wa New Zealand, aliyepofuka Gallipoli mwaka 1915, ambaye miaka mingi baadaye alifika Uganda kufanya kazi kati ya vipofu wa huko.

Wale wenye jeraha la ubongo walihitaji msaada wa aina nyingine, nao ulichelewa kukomaa. Siku hizi askari aliyerudi kutoka Iraq au Afghanistan akiwa amepoteza upande mmoja wa kuona hufundishwa kuyapeleka macho kwa utaratibu upande ule uliopotea, na kuweka alama mwanzoni mwa mstari ili asiupoteze anaposoma. Hayo Pearson hakuyajua. Lakini kwamba aliyejeruhiwa afundishwe, wala asifichwe, hilo alilishika tangu siku ya kwanza.

Alikufa tarehe 9 Desemba 1921. Aliteleza bafuni, akagonga kichwa, akazimia, na maji yakamwua. Askari vipofu wengi walihudhuria mazishi yake. Uongozi wa St Dunstan's ukachukuliwa na Ian Fraser, kijana wa miaka 24, naye akaushika mpaka alipofariki mwezi wa Desemba 1974. Tangu mwaka 2012 chama hicho kinaitwa Blind Veterans UK, na bado kinapokea askari.