Bruda Laurent, Mpishi wa Watawa

Katika nchi ya Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa, alizaliwa karibu na mwaka 1614 mtoto wa watu maskini, jina lake Nicolas Herman. Alipokuwa kijana akawa askari katika Vita vya Miaka Thelathini, akajeruhiwa mguu, akawa kilema tangu siku ile. Alipopata umri wa miaka 18 aliona mti mmoja uliopukutika majani wakati wa baridi. Katika nchi zile miti mingi huwa hivyo, hata mgeni akiiona hudhani imekufa. Akafikiri jinsi mti ule utakavyochipuka tena, utoe maua na matunda. Na fikira ile ikamtia moyoni upendo wa Mungu usiomtoka kamwe.

Baadaye akawa mtumishi wa nyumbani kwa bwana mmoja mwenye cheo, naye kwa wepesi wa kuangusha vitu akamvunjia vyombo vingi. Mwaka 1640 akaingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akapewa jina la Laurent wa Ufufuo. Wakubwa wake wakamweka jikoni.

Kazi ile ilimchukiza sana. Tena msidhani, enyi wanafunzi, ya kuwa kusali kulimjia kwa urahisi. Mwanzo alifuata saa zilizowekwa na njia zilizoandikwa vitabuni, akitafakari mauti, na hukumu, na mbingu. Lakini mawazo yake yakatanga huku na huku. Basi akaziacha njia zile, akajaribu neno moja tu: kukumbuka kwamba Mungu yupo naye papo hapo. Akisahau, alimrudia Mungu pasipo kujitesa kwa majuto mengi. Hata hivyo kwa muda wa miaka kumi alisumbuka mno, akiona dhambi zake mbele yake, akaanguka na kuinuka. Mwisho akakubali moyoni kuishi katika taabu ile mpaka kufa, ikiwa ndivyo Mungu apendavyo. Ndipo ghafula akajiona amebadilika, akapata raha.

Tangu hapo saa ya sala na saa ya kazi hazikuwa mbali tena kwake. Watu wakimwita huku na huku, kila mmoja akitaka kitu chake, alitulia kana kwamba amepiga magoti kanisani. Alipogeuza mayai katika kikaango, aligeuza kwa ajili ya Mungu. Kazi ikiisha, alimshukuru. Akakaa jikoni miaka 15. Mguu ulipozidi kumwuma akapewa kazi ya kushona viatu vya watawa. Hata alitumwa Burgundy kununua divai, naye kwa ulemavu wake hakuweza kutembea katika chombo ila kwa kujiviringisha juu ya mapipa, wala hakunung'unika.

Mwaka 1666 padre mmoja, Joseph de Beaufort, akaanza kuja kuzungumza naye, akayaandika aliyoyasikia. Wengine wakamwandikia barua, naye akawajibu kwa maneno machache, maana hakuwa mtu wa elimu. Barua yake ya mwisho ina tarehe 6 Februari 1691. Baada ya siku mbili akalazwa kitandani, na tarehe 12 akafa.