Cummins: Dereva aliyefunga dizeli kwenye gari kuukuu

Wenye malori wa Shinyanga na Geita wanaotaka kutoa injini ndogo na kufunga kubwa wana la kujifunza kwa Clessie Cummins, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1888 katika jimbo la Indiana.

Cummins aliishia darasa la nane, akawa dereva na fundi wa tajiri wa benki, William Irwin. Kwa mtaji wa bosi wake huyo alianzisha kampuni ya injini mwaka 1919, lakini kwa miaka mingi haikupata faida. Mwishoni mwa 1929 alichukua injini yake ya dizeli iliyotengenezwa kwa ajili ya boti, akaifunga kwenye Packard kuukuu. Januari 1930 aliliendesha gari hilo kutoka Indianapolis hadi New York kwa mafuta ya dola 1.38 tu.

Mwaka 1931 alivuka Marekani kwa lori la dizeli. Kwenye mteremko wa Cajon, California, breki zilizidiwa, nusura lori ligonge treni. Hakulisahau tukio hilo. Miaka ya 1950 alibuni breki ya injini, iliyoingia sokoni mwaka 1961. Alifariki mwaka 1968.

Dereva anayeshuka mlima Sekenke na mzigo wa Shinyanga au Geita anaijua hofu hiyo. Injini kubwa hupandisha mzigo, haiushushi. Kabla ya kuifunga, hakikisha giaboksi, difu na breki vinaihimili nguvu yake. Na mteremkoni, ingiza gia nzito mapema.