Mtemi Mirambo na Mkuki Mfupi

Hapa Tinde barabara yagawanyika. Moja yaenda Nzega hata Tabora. Ya pili yaenda Kahama, Ushirombo na Runzewe. Nimepita hapo mara nyingi wakati wa likizo, bila kujua ya kuwa njia hizo mbili zaeleza maisha ya mtu mmoja mashuhuri, Mtemi Mirambo. Napenda kuwaeleza wasomaji habari zake, hasa jinsi alivyojifunza vita.

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840 huko Uyowa, magharibi ya Tabora. Baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi wa nchi ndogo. Siku zile Wangoni walioitwa Watuta walikuwa wamefika kutoka kusini, wakakaa pande za Runzewe. Hao walileta ujuzi wa Shaka, mfalme wa Wazulu aliyeuawa mwaka 1828. Zamani mashujaa wa kwao walitupa mikuki mirefu kutoka mbali, na aliyekwisha kutupa alibaki mikono mitupu. Shaka akawapa vijana wake mkuki mfupi wenye bapa pana. Mkuki huo hautupwi. Hushikwa mkononi kama jambia, na mpiganaji humsogelea adui kifua kwa kifua. Husimuliwa kwamba walifundishwa kuinasa ngao ya adui kwa ukingo wa ngao yao, kisha kuivuta kando mpaka ubavu wake uwe wazi, ndipo wachome. Jambo hilo halifanyiki kwa nguvu tu. Lataka kurudiwa kila siku, mpaka mkono na mguu viende pamoja.

Masimulizi husema kwamba Mirambo alichukuliwa na Watuta alipokuwa kijana, akajifunza lugha yao na vita yao. Angeweza kuwachukia tu, lakini aliwatazama kama mwanafunzi amtazamavyo mwalimu. Alipopata utemi alikusanya vijana, yaani rugaruga, akipendelea wale wasio na wake wala watoto. Mbinu za Watuta akazichanganya na bunduki.

Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walipigana naye kwa ajili ya njia ya biashara ya Ujiji. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikuwa upande wao. Waliteka mji wa Wilyankuru, wakawa wanarudi na pembe za ndovu. Kumbe Mirambo na vijana wake walikuwa wamejilaza katika majani marefu kando ya njia. Wakainuka ghafula, karibu kabisa, na Waarabu wengi wakauawa. Kulala kimya vile mpaka adui awe hatua chache nako ni kazi ya mazoezi. Mwezi huohuo wa Agosti sehemu ya Tabora ilichomwa moto. Mwaka 1876 Stanley huyohuyo alichanjiana damu na Mirambo wakawa ndugu.

Hata hivyo sitaki kumsifu kupita kiasi. Jina Mirambo, alilojipatia vitani, maana yake ni maiti. Vijiji vingi viliteketea, na watu wakachukuliwa mateka. Niliposoma habari hizi nilifurahia ushindi wake, kisha nikajiuliza ningeonaje kama ningezaliwa katika kijiji kimojawapo cha vile. Furaha yangu ikapungua.

Mirambo alikufa kwa ugonjwa tarehe 2 Desemba 1884. Ndugu yake Mpandashalo alimrithi, lakini nchi ile kubwa haikudumu. Mimi naona sababu ni hii: vijana walizoezwa sana kupigana, lakini hawakuzoezwa kutawala.

Wanafunzi wenzangu, tumwige Mirambo katika kujifunza hata kwa mtu tusiyempenda, na katika kurudia kazi mpaka tuiweze. Lakini kwanza tuchague vema jambo la kujizoeza, kwa maana mkono hufanya lile ulilolizoea. Kila nikifika pale njia panda nazitazama barabara zote mbili, ya Runzewe alikotoka ujuzi, na ya Tabora ulikopelekwa moto.