Gerhard Armauer Hansen, Mchunguzi wa Ukoma

Itazame ngozi yako. Imekufunika tangu utosini hadi nyayoni, nayo ina alama nyingi. Kuna vidoa ulivyozaliwa navyo, kuna makovu ya majeraha, na pengine kuna baka ambalo halikuwapo mwaka jana. Alama nyingi hazina madhara. Lakini baadhi yake ni dalili ya kwanza ya ugonjwa. Ukoma ni ugonjwa mmoja unaoweza kuanza kwa baka dogo lisilouma. Sasa soma habari za daktari aliyegundua chanzo chake.

Gerhard Armauer Hansen alizaliwa tarehe 29 Julai 1841 katika mji wa Bergen, nchini Norwei, kaskazini mwa Ulaya. Wazazi wake walikuwa na watoto 15. Alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1866. Baadaye aliwatibu wavuvi wa visiwa vya Lofoten, na mwaka 1868 akarudi Bergen kuwahudumia wagonjwa wa ukoma.

Wakati huo pwani ya magharibi ya Norwei ilikuwa na wagonjwa wengi wa ukoma. Wengi wao walikuwa wakulima na wavuvi maskini. Ugonjwa huo huharibu mishipa ya fahamu, hata mikono na miguu ikafa ganzi. Mgonjwa aliweza kuungua au kujikata bila kusikia maumivu. Wengine walipofuka. Dawa ya kuwaponya haikuwapo. Tangu mwaka 1856 serikali iliwaandika wagonjwa wote katika daftari la taifa, ili ijulikane wako wangapi na wanaishi wapi.

Mkuu wa Hansen, Daktari Danielssen, aliamini kwamba ukoma hurithiwa. Aliona kuwa ugonjwa hutokea mara nyingi katika jamaa moja. Tena alikuwa amejidunga mwenyewe chembe za vinundu vya wagonjwa, wala hakuugua. Je, wewe ungekubaliana naye?

Hansen hakukubali. Alifikiri kwamba watu wa nyumba moja hawashiriki damu tu, bali hulala chumba kimoja na kuvuta hewa moja kwa miaka mingi. Basi huenda ugonjwa ulitoka kwa mtu hadi mtu. Ili kupata hakika, alichunguza kwa hadubini chembe za vinundu vya wagonjwa. Tarehe 28 Februari 1873 aliona ndani yake vijidudu vyenye umbo la vijiti vyembamba. Mwaka 1874 alitoa taarifa yake, lakini madaktari wengi walikuwa bado na shaka. Mwaka 1888 alisafiri hadi Marekani kuwatazama watu waliohama kutoka Norwei. Miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wa ukoma, lakini hakuona ugonjwa huo kwa watoto na wajukuu wao. Kama ukoma ungerithiwa, ungalionekana kwao pia.

Hata hivyo, Hansen alitenda kosa kubwa. Mwaka 1879, akitafuta ushahidi, alimchoma mwanamke mgonjwa jichoni kwa chombo chenye vijidudu, bila kumwomba ruhusa. Mwanamke huyo alishtaki. Mwaka 1880 mahakama ilimwona Hansen ana hatia, akaondolewa katika kazi yake ya hospitali. Aliendelea kuwa mganga mkuu wa ukoma nchini, lakini hukumu ile inatufundisha jambo: mwili wa mgonjwa ni wake mwenyewe, na elimu haimpi mtu haki ya kumdhuru mwenzake.

Hansen alifariki tarehe 12 Februari 1912. Siku hizi tunajua kwamba alikuwa na haki kuhusu vijidudu. Tunajua pia kwa nini Danielssen hakuugua: miili ya watu wengi ina nguvu ya asili ya kuushinda ukoma. Tena vijidudu hivyo hukua polepole sana, hata dalili zinaweza kuchelewa miaka mitano, au 20 na zaidi. Kwa sababu hiyo ni vigumu kujua nani alimwambukiza nani.

Ukoma bado upo katika nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo, lakini sasa unapona kabisa. Tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani limewezesha dawa zake kutolewa bure. Matibabu huchukua miezi 6 au 12. Mgonjwa akianza kumeza dawa huacha upesi kuambukiza wengine, kwa hiyo hana haja ya kutengwa. Lakini mishipa iliyokwisha kuharibika huenda isirudi kuwa kama zamani. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Nawe unaweza kusaidia nyumbani. Huwezi kuuona mgongo wako mwenyewe. Mwombe mama, baba au ndugu yako akutazame mchana, penye mwanga. Nao wakikuomba, watazame. Tafuta baka lililopauka au lenye wekundu, lisilowasha wala kuuma. Mwenye baka afumbe macho, kisha mguse hapo polepole kwa pamba. Usitumie pini wala moto. Asipohisi kitu, aende zahanati bila kukawia. Aende vilevile mwenye kidonda kisichopona, au mwenye doa linalokua au kubadilika rangi, hata likiwa katika unyayo au chini ya ukucha. Wala usimcheke mwenye baka. Akichekwa atalificha, na baka lililofichwa halitibiwi.

Maswali
1. Kwa nini Danielssen aliamini kwamba ukoma hurithiwa?
2. Hansen aliona nini kwa hadubini mwaka 1873?
3. Safari ya Marekani ilimsaidiaje Hansen kuthibitisha fikira zake?
4. Kwa nini mahakama ilimwona Hansen ana hatia?
5. Eleza jinsi utakavyolichunguza baka la ndugu yako bila kumwumiza.