Gygax, fundi viatu aliyeamua nani ashike upanga na uchawi

MWASISI mwenza wa mchezo wa Dungeons & Dragons, Ernest Gary Gygax, hakuwahi kuhitimu shule ya upili. Alizaliwa Chicago, Marekani, Julai 27, 1938, babaye akiwa mpiga fidla mhamiaji kutoka Uswisi, na akalelewa katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin.

Mwaka wa 1970 alipoteza kazi yake katika kampuni ya bima. Akiwa na watoto wa kulisha, alikarabati viatu nyumbani huku akiandika kanuni za michezo. Maisha ya aina hiyo si mageni kwa mkazi wa Baba Dogo, Nairobi, ashindaye kiwandani mchana na kuendesha bodaboda jioni.

Januari 1974 yeye na Dave Arneson walitoa mchezo huo, nakala 1,000 pekee. Mchezaji alijitwika mhusika wa kingano, mpiganaji, mchawi au kasisi, na dadu zikaamua hatima yake. Swali likazuka mapema: je, mhusika mmoja aweza kuwa mpiganaji na mchawi kwa pamoja?

Jibu lililokomaa lilichapishwa 1978. Elfi, kibete na viumbe wengine wasio binadamu waliruhusiwa kufuata taaluma mbili au tatu sambamba, mradi pointi za uzoefu zigawanywe sawasawa. Adhabu hiyo yaonekana nzito, lakini haikuwa hivyo mwanzoni. Kwa kuwa kila ngazi ilidai takriban maradufu ya iliyotangulia, mwenye taaluma mbili alibaki nyuma ya wenzake kwa ngazi moja hivi, na mkononi ana upanga na uchawi. Kilichomzuia ni dari. Elfi hakupita ngazi ya 7 katika upiganaji, na hata akiifikia, fungu la pointi la taaluma hiyo liliendelea kupotea bure.

Binadamu aliwekewa njia nyingine: aliiacha taaluma ya kwanza na kuanza upya ngazi ya 1. Akitumia ujuzi wa zamani kabla ule mpya haujaupita, alikosa pointi za safari hiyo. Kanuni hii, ijapokuwa kali, ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha. Anayejifunza kazi mpya akikimbilia ya zamani kila anapokwama, hajifunzi.

Ajabu ni kwamba mgawanyaji huyo wa pointi alishindwa kuelewana na mwenzake kuhusu mgao wa mapato. Arneson alimshtaki 1979, na kesi ikamalizwa nje ya mahakama 1981.

Gygax alipokonywa usukani wa kampuni yake, TSR, mwaka wa 1985. Toleo la 2000, lililoandikwa na wengine, liliondoa dari zote na kumruhusu kila mhusika, binadamu au la, kuchanganya taaluma ngazi kwa ngazi.

Alifariki Lake Geneva Machi 4, 2008, akiwa na miaka 69. Arneson alimfuata Aprili 2009.