Charles Babbage na Mashine Yake ya Hesabu

Wanafunzi, walimu wenzangu na wazazi wapendwa, muhula huu nimechagua kuwaandikieni habari za mtu aliyefariki zamani, lakini ambaye wazo lake twalikuta leo katika kila kompyuta. Jina lake ni Charles Babbage. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi nafundisha hisabati, na yeye alikuwa mtu wa hisabati. Ya pili, mashine yake kubwa iliazima maarifa kwa wafumaji wa nguo, na sisi wa Mkoa wa Simiyu ni watu wa pamba.

Bwana Babbage alizaliwa London tarehe 26 Desemba, 1791. Baba yake alikuwa mtu wa benki, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na shida ya fedha. Alipokuwa mtoto mama yake alimpeleka kwa fundi mmoja aitwaye Merlin, aliyetengeneza vinyago vya fedha vyenye mitambo ndani. Mmoja ulikuwa mfano wa mwanamke mchezaji wa ngoma, mwenye ndege kidoleni. Vinyago hivyo vilikwenda vyenyewe bila kushikwa na mtu, na twaweza kuviita babu wa roboti za siku hizi. Babbage hakumsahau mchezaji yule. Alipokuwa mtu mzima alimnunua mnadani, akamtengeneza, akamweka sebuleni kwake.

Mwaka 1810 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko aliona kuwa hisabati iliyofundishwa Uingereza ilikuwa imeachwa nyuma na ile ya Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya. Badala ya kunung'unika tu, mwaka 1812 yeye na rafiki zake, John Herschel na George Peacock wakiwa miongoni mwao, waliunda chama cha kuleta njia mpya za hesabu. Walikuwa wanafunzi bado, kama ninyi.

Sasa nitaeleza shida iliyomsumbua maisha yake yote. Siku zile mabaharia, wanajimu, wahandisi na watu wa benki walitegemea vitabu vya majedwali ya hisabati, vya namna ile ile ambayo wanafunzi wetu wamevitumia kwa miaka mingi kutafuta logi. Majedwali hayo yalihesabiwa na watu kwa mkono, yakanakiliwa kwa mkono, yakapangwa kwa mkono katika kiwanda cha kupiga chapa. Kila mkono ulizidisha makosa yake. Mwaka 1821 Babbage na Herschel walikuwa wakilinganisha majedwali ya wanajimu, wakakuta makosa mengi mno. Kosa la namna hiyo si jambo dogo, maana nahodha akikosea mahali alipo, chombo chaweza kwenda mwambani. Wazee wetu waliijua hatari ya hesabu isiyoaminika. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga ushirika wao, na sababu moja kubwa ilikuwa mizani ya wanunuzi, ambayo hawakuiamini.

Basi Babbage akaazimia kutengeneza mashine itakayohesabu na kupiga chapa yenyewe. Njia yake ni rahisi, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuijaribu. Chukua namba za mraba: 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti kati yake ni 3, 5, 7, 9. Tofauti ya tofauti hizo ni 2 daima. Ukitaka namba inayofuata, jumlisha 9 na 2 upate 11, kisha jumlisha 25 na 11 upate 36. Hukuzidisha kitu, umejumlisha tu. Na kujumlisha ni kazi ambayo magurudumu yenye meno yaweza kuifanya bila kuchoka.

Mwaka 1822 alionyesha mfano mdogo wa mashine hiyo, na mwaka 1823 Serikali ya Uingereza ikaanza kumpa fedha. Lakini vyuma vyake vilihitaji ufundi wa hali ya juu, na kazi ikaenda polepole. Mwaka 1827 ukamletea msiba juu ya msiba. Baba yake alifariki, akafariki mkewe Georgiana, na watoto wake wawili. Alisafiri Ulaya kutafuta utulivu. Akiwa Roma mwaka 1828 alipata habari kwamba amechaguliwa kuwa profesa wa hisabati wa Cambridge, katika kiti alichokalia zamani Isaac Newton.

Aliporudi aliendelea na mashine. Mwaka 1832 sehemu yake moja ilikamilika, nayo ilifanya kazi vizuri. Lakini mwaka 1833 yeye na fundi wake, Joseph Clement, waligombana juu ya malipo, na kazi ikasimama. Sehemu ile aliiweka nyumbani, na wageni walipokuja, wengi walimzunguka mchezaji wa fedha, wakaiacha mashine ya hesabu chumba cha pili.

Mwaka 1834 akapata wazo kubwa zaidi. Huko Ufaransa fundi Jacquard alikuwa ametengeneza mtambo wa kufuma ulioongozwa na kadi zenye matundu. Ukibadili kadi, nguo hupata nakshi nyingine, na mtambo ni ule ule. Babbage akawaza kuwa hesabu nazo zaweza kuongozwa kwa kadi. Mashine hii mpya ingekuwa na ghala la kuwekea namba, na kinu cha kuzifanyia kazi. Majina hayo aliyatoa katika viwanda vya nguo. Wasomaji wa Bariadi mtamwelewa upesi, maana pamba yetu nayo hutoka ghalani ikaenda kiwandani. Kompyuta za leo zina sehemu hizo mbili, na programu ndizo zimeshika mahali pa kadi.

Mwaka 1840 alialikwa Turin, Italia, akaieleza mashine hiyo mbele ya wataalamu. Mmoja wao, Menabrea, aliandika habari zake kwa Kifaransa. Bibi Ada Lovelace akazitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1843, akaongeza maelezo marefu kuliko makala yenyewe. Humo alionyesha hatua kwa hatua jinsi mashine ingefanya hesabu ngumu, akaona pia kuwa yaweza kushughulikia mambo mengine zaidi ya namba, kama vile muziki. Wasichana wa shule yetu walikumbuke jina hilo.

Lakini nyumbani mambo hayakuwa mema. Mwaka 1842 Serikali iliacha kabisa mashine ya kwanza, baada ya kutumia zaidi ya pauni 17,000. Babbage alikwenda kwa Waziri Mkuu, Robert Peel, lakini badala ya kumshawishi akagombana naye. Mimi sioni kuwa kosa lilikuwa la upande mmoja. Serikali ilichoka, ni kweli. Lakini naye alianza kazi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, na ulimi wake ulimpotezea marafiki. Hata nchi yetu ilikuwa na mashaka kama hayo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 kuingiza kompyuta nchini kukapigwa marufuku, kwa kuwa gharama ilionekana kubwa kuliko faida. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye.

Babbage alifariki tarehe 18 Oktoba, 1871, bila kuiona mashine yake kubwa hata moja ikiwa kamili. Wengi walimhesabu kuwa mtu aliyeshindwa.

Walakini alikuwa ameacha michoro. Kati ya 1847 na 1849 alichora mashine nyingine ya majedwali, kila gurudumu na kila kipimo chake. Michoro hiyo ilitunzwa, na mafundi wa Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London wakaifuata. Mwaka 1991 sehemu ya kuhesabu ilikamilika, ikatoa majibu sahihi. Na mwaka 2002 ikakamilika ile ya kupiga chapa. Mashine nzima ina vipande 8,000 na uzito wa tani 5.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Bwana Babbage ilikuwa na daftari, ndiyo maana haikupotea. Kwa hiyo, wanafunzi, ninapowaambieni muonyeshe njia ya hesabu na si jibu peke yake, msidhani ni ukali tu wa mwalimu. Kazi iliyoandikwa vema, hata ikiwa haikumalizika, mwingine aweza kuishika ilipoachwa. Na mlianzapo jambo, jitahidini kulimaliza, tena mkae vizuri na wale mnaofanya nao kazi.