Waiyaki wa Hinga: Mzee Aliyekula Kiapo

Ukipanda matatu kutoka tao kwenda Kangemi, unapita Waiyaki Way. Wengi wetu huku Umoja na Kayole tunalijua jina hilo kama barabara ya jam tu. Lakini lilikuwa jina la mtu.

Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu pande za Dagoretti na Kabete. Hakuwa mfalme, maana Wakikuyu hawakuwa na mfalme. Watu walimsikiliza kwa sababu neno lake lilikuwa na uzito.

Oktoba 1890 akaja Kapteni Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza. Wawili hao wakala kiapo cha udugu wa damu. Kampuni ikapata mahali pa kujenga ngome Dagoretti, na wageni wakatakiwa kukaa na wenyeji kwa amani. Lugard akaendelea na safari yake ya Uganda. Waliobaki nyuma wakaanza kujichukulia chakula na mifugo ya watu. Mwaka 1891 wenyeji wakachoka, ngome ikahamwa. Mwaka huohuo kampuni ikarudi, ikajenga Fort Smith kule Kabete.

Agosti 1892 Waiyaki alienda Fort Smith. Kukazuka ugomvi kati yake na msimamizi, Purkiss. Akajeruhiwa kichwani, akafungwa, kisha akapelekwa safari ya pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi, akazikwa huko, mbali na nyumbani.

Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba mkataba ni sahihi na muhuri. Waiyaki ananifundisha kwamba mkataba ni yule mtu anayebaki baada ya mwenye kusaini kuondoka. Lugard aliapa, lakini kiapo hakikuwafunga watu wake.

Ndugu yangu, Yoshua aliapa na Wagibeoni. Miaka mingi baadaye Sauli akakivunja kiapo kile, na nchi ikapata njaa wakati wa Daudi. Mungu hasahau agano kwa sababu wanadamu wamesahau.

Kwa hiyo wiki hii jiulize: ulimwahidi nani? Fundi hujamlipa? Chama kinakungoja na mchango? Shemeji alikukopesha karo, sasa hushiki simu yake? Usimtume mtoto aseme haupo. Nenda mwenyewe, hata kama una nusu tu. Neno lako ndilo jina utakaloachia watoto.